Nyumba bila riba: somo la wajenzi wa kanisa kwa misikiti ya Pwani

Kila likizo ya shule huko Ulaya na Marekani, Pwani yetu hupokea vikundi vya vijana wa makanisa. Huja na fulana za rangi moja, hushika sepeto, hubeba mawe, hupaka rangi, kisha hupiga picha na familia iliyopata nyumba. Wiki mbili baadaye wako uwanja wa ndege wakirejea kwao.

Mitaani husikika kauli mbili. Wapo wanaowasifu moja kwa moja, kwamba hawa ndio watu, wameacha raha zao kuja kuchanganya saruji kwenye jua letu. Na wapo wanaonong'ona kuwa nyumba ni chambo na ndoano iko ndani yake. Kauli zote mbili hazigusi maswali yanayomhusu mama aliyengojea paa miaka kumi. Gharama ya nyumba ile analipa nani? Kiwanja ni cha nani? Na wageni wakishaondoka, nyumba ya pili itajengwa na nani?

Ili kujibu, tutazame shirika lililoifanya kazi hii ijulikane duniani, Habitat for Humanity. Mizizi yake iko Koinonia, shamba lililoanzishwa mwaka 1942 katika jimbo la Georgia, Marekani, na mhubiri wa Kibaptisti aliyeitwa Clarence Jordan. Weusi na weupe waliishi na kulima pamoja pale, wakati ambapo jambo hilo lingeweza kukutoa roho. Katika miaka ya 1950 majirani waliwagomea, hawakuwauzia wala kununua kwao. Millard Fuller, wakili aliyetajirika akiwa kijana kisha akagawa mali yake, alifika hapo akiwa na mkewe Linda. Mwaka 1968 yeye na Jordan walibuni mpango wa kuwajengea nyumba masikini wa eneo lile.

Kabla ya shirika lenyewe kuzaliwa, mpango huo ulijaribiwa Afrika. Mwaka 1973 Fuller na familia yake walihamia Mbandaka, mji wa Zaire ya wakati huo, Kongo ya leo. Walifanya kazi na kanisa la huko wakijenga nyumba za matofali ya saruji kwenye ukanda uliokuwa ukitenganisha makazi ya Wazungu na ya Waafrika enzi za Wabelgiji. Waliporudi Marekani, mwaka 1976, ndipo Habitat ikaanzishwa. Hapa Kenya iliingia mwaka 1982. Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani na mwalimu wa masomo ya Jumapili kanisani kwake, alijiunga mwaka 1984 na akaendelea kushika nyundo hadi alipovuka miaka 90. Miradi iliyobeba jina lake na la mkewe Rosalynn ilijenga na kukarabati zaidi ya nyumba 4,000 katika nchi 14.

Lakini majina makubwa yasitupoteze. Kilichoufanya mpango ule udumu ni masharti matatu yaliyowekwa mwanzoni.

Sharti la kwanza, nyumba haitolewi sadaka. Familia inainunua kwa gharama ya ujenzi tu, bila faida juu yake, na inalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Sharti la pili, familia inatoa jasho. Inafanya kazi saa kadhaa kwenye nyumba yake na kwenye nyumba za wengine, bega kwa bega na wale wa kujitolea. Sharti la tatu, fedha inayolipwa inarudi kwenye mfuko mmoja na kujenga nyumba ya jirani anayefuata. Kwa hivyo anayelipa deni lake leo anamwekea msingi mtu asiyemjua.

Na deni hilo halikuwa na riba. Fuller na Jordan walilitoa jambo hilo kwenye Biblia, katika Kitabu cha Kutoka, kinapokataza kumtoza masikini riba. Muislamu yeyote aliyepita chuoni anaijua hukumu hiyo. Imo katika Suratul Baqara, aya ya 275 na zinazofuata, na hapo hapo tunaamrishwa tumpe muhula mdaiwa aliyebanwa. Sisi mkopo wa namna hii tunauita qardh hasan, na makhatibu wetu wanausifu kila mwaka. Wabaptisti wa Georgia waliuchukua wakaufanya mradi wa ujenzi.

Haki inataka tuseme pia kwamba sharti hilo limelegea kadiri shirika lilivyokua. Hapa Kenya, Habitat ilishirikiana na KWFT, benki ya mikopo midogo ya wanawake, ili mama aweze kukopa na kujenga hatua kwa hatua, leo msingi, mwakani kuta. Mbinu hiyo inafika kwa watu wengi kuliko kikundi chochote cha wageni. Lakini benki ni benki, na mkopo wake una riba. Muislamu mwenye msimamo atabaki nje, na si kwamba kanisa limemfungia mlango.

Tuje kwa wale vijana wa fulana. Kimbunga Mitch kilipoipiga Honduras mwaka 1998, makanisa ya Amerika Kaskazini yalimimina watu wa kujenga nyumba. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek, Mkristo anayeishi nchi hiyo, alifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2006. Nyumba moja iliyojengwa na wageni, ukijumlisha nauli na malazi yao, iligharimu karibu dola 30,000. Nyumba kama hiyo ikijengwa na shirika la Kikristo la wenyeji kwa mafundi wa pale pale iligharimu karibu dola 2,000. Wenyeji wengi walisema wazi kwamba wangependelea nauli zile zitumwe zijenge nyumba nyingine. Maisha ya waliojengewa na wageni hayakutofautiana na ya waliojengewa na wenyeji, wala wageni wenyewe hawakubadilika sana katika utoaji wao waliporudi kwao.

Utafiti huo unatuhusu. Pwani hatuna uhaba wa mikono. Waashi tunao, mafundi wa kuezeka tunao, na vijana wanaokaa maskani kutwa wakingoja kibarua tunao wengi. Mila ya kusaidiana kujenga ni yetu pia. Wadigo wana mweria, Waswahili walikuwa na msaragambo, na kukandika nyumba ya udongo hakujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Kijana wa kigeni anayejifunza kushika mwiko kwa wiki mbili anapata funzo zuri la maisha. Fundi wa Mtwapa au Ukunda anayekosa siku kumi za ujira kwa sababu hiyo anapata hasara. Kanisa linalotaka kusaidia kweli litume gharama ya tiketi, limwajiri fundi huyo, kisha lilete watu wachache wa kuzuru na kujuana. Kujuana nako kuna thamani yake.

Ama lile la chambo na ndoano, swali hilo lina historia. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS katika miaka ya 1870 upande wa Kisauni, yaliunganisha makao na ubatizo, na kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Lakini Habitat imejiwekea kanuni ya kutobagua kwa dini na kutofanya nyumba kuwa njia ya kuhubiri. Kanuni hiyo ndiyo tuidai kwa kila mjenzi, wa msalaba au wa mwezi. Iandikwe kwenye mkataba wa familia kwa lugha inayosomeka, na anayeivunja aulizwe. Kunong'ona barazani hakumlindi mtu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nyundo haiwezi kulitatua, nalo ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya Pwani aende akasajili dai lake. Wengi, hasa Mijikenda, waliachwa nje, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya dola ya mkoloni. Matunda yake tunayala hadi leo. Ndiyo maana Mombasa ina kitu kinachowashangaza wageni: nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, mtu anamiliki kuta na paa, na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi. Mwenye nyumba wa aina hiyo hawezi kuweka rehani. Akijenga vizuri zaidi, anamwekea akiba mwenye shamba. Hata mfadhili mwenye moyo safi husita kumwaga saruji mahali ambapo tingatinga linaweza kufika kesho.

Serikali imejaribu. Shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, lilinunuliwa na wakaazi wakapewa hatimiliki Januari 2016, wakitakiwa kulipia. Wengi walipinga kulipia ardhi wanayoihesabu kuwa ya mababu zao. Na sasa ipo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri kuongeza kiasi hicho hicho. Huo ni mfuko ambao kanisa na msikiti haviwezi kuufikia kwa ukubwa. Lakini mpango wake ni magorofa ya wanakandarasi. Familia ya Kwale inayotaka vyumba viwili na uwanja wa kufugia kuku haimo kwenye ramani hiyo.

Mfano bora wa kutatua fundo la ardhi tunao hapa hapa Pwani, na haukutoka ng'ambo. Katika miaka ya 1990, wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi walichagua ardhi yao imilikiwe kwa pamoja na kila mtu amiliki nyumba yake tu. Waliogopa kwamba hati za mtu mmoja mmoja zingenunuliwa na matajiri, na masikini angeondoka na pesa za kumalizika kwa mwezi. Sheria za wakati ule ziliufanya mpango uende polepole na kwa uzito, lakini fikra ilikuwa sahihi: ardhi haiuzwi, nyumba ni yako na wanao.

Ardhi haiuzwi, manufaa yake yanatolewa. Muislamu anayesoma hapa ameshatambua ninapoelekea. Huo ni wakfu, vile vile Sayyidna Umar alivyofanya kwa shamba lake la Khaybar. Mombasa, Lamu na Malindi zina wakfu za tangu masultani, na tunayo Tume ya Wakfu inayotambuliwa na sheria. Kwa nini wakfu wetu mwingi uishie kuwa duka la kukodisha, na usiwe kiwanja cha wajane na mayatima kujenga?

Hatupungukiwi na utoaji. Wafadhili wa Ghuba na matajiri wa hapa wanajenga misikiti yenye marumaru na minara miwili, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini katika baadhi ya mitaa hiyo, anayesali safu ya kwanza analala chini ya makuti yanayovuja. Msikiti wa tatu katika mtaa mmoja hauongezi waumini. Nyumba kumi pembeni ya msikiti wa kwanza zinaongeza utulivu, na watoto wanaoweza kusoma usiku.

Pendekezo langu ni dogo na linapimika. Kamati ya msikiti mmoja, katika mtaa mmoja, itafute kiwanja kimoja cha wakfu na kuandika mkataba wa miaka mingi kwa familia itakayojenga. Mfuko wa qardh hasan uanze na gharama ya nyumba moja ya mawe na mabati. Familia ilipe kwa uwezo wake bila riba, vijana wa mtaa wafanye msaragambo mwishoni mwa wiki, na fundi alipwe ujira wake. Hesabu zibandikwe ukutani msikitini kila mwezi, kwa sababu mifuko yetu mingi imekufa kwa kukosa hesabu kabla ya kukosa pesa. Nyumba ya kwanza ikianza kurudisha, ianze ya pili.

Na kama kanisa la jirani lina kikundi cha kujitolea, waalikwe kubeba mawe. Wao walianza na kitabu chao, sisi tuanze na chetu. Tukifika kwenye lenta, hakuna atakayeuliza jiwe lipi liliwekwa na nani.