Kilio cha Shabiki Si Upuzi

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, nilipotoka msikitini nalimkuta mpwa wangu amesimama penye ngazi, viatu mkononi, macho yamemwiva kwa kukesha. Vijana wenziwe watatu walikuwa wamemzunguka wakimpa pole. Mzee mmoja jirani yetu, asiyekuwa na habari ya mambo haya, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani nani amekufa?"

Nikamjibu kuwa hakufa mtu. Arsenal, timu ya London, ilikuwa imefungwa na Paris Saint-Germain mabao 2-1 usiku ule, ikatolewa katika nusu fainali ya kombe la Ulaya. Mzee alinitazama, akamtazama kijana, kisha akashika njia yake huku akivuta istighfari.

Ndugu msomaji, mambo haya yako katika kila mtaa wetu, tangu Vanga hata Lamu. Timu ikishinda, ni vifijo na pikipiki kupigwa honi. Ikishindwa, yuko asiyekula, yuko asiyesema na watu wa nyumbani kwake, na yuko azimaye simu asipate kudhihakiwa. Nasi wazee, tukikaa barazani, huwacheka. Husema, "Hao wachezaji hata hawakujui, wewe wawalilia nini?"

Leo mimi sitacheka. Nimelifikiri jambo hili siku nyingi, na nimeona ya kuwa kilio cha shabiki kina asili yake, tena asili njema. Lenye kutaka kutengenezwa ni kiasi cha kilio hicho, na mahali kinapopelekwa.

Kwanza, isikilizeni lugha ya shabiki. Hasemi "wamefungwa." Husema "tumefungwa." Yeye hakugusa mpira, wala hajapata kuuona uwanja wenyewe kwa macho yake, lakini neno litokalo kinywani mwake ni "sisi." Mwaka 1976 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya huko. Waliona kuwa siku ya Jumatatu, baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi waliovaa nguo zenye jina la chuo huwa wengi kuliko siku nyingine. Tena walipoulizwa kwa simu habari za mechi, timu iliyoshinda waliielezea kwa "sisi," na iliyoshindwa wakaelekea zaidi kuiita "wao."

Hapo ndipo nilipomwelewa mpwa wangu. Wako watu ambao timu ni yao siku ya furaha tu, mfano wa jamaa wanaoonekana siku ya pilau ya harusi na wasionekane siku ya kuchimba kaburi. Huyu alisema "sisi" siku ya kushinda, na siku ya kushindwa hakulirudisha neno lake. Maumivu yake ni bei ya uaminifu wake. Kijana awezaye kubaki na watu wake walipoanguka ana kitu moyoni ambacho mzazi hapaswi kukicheka.

Pili, hasara huuma kuliko faida inavyofurahisha. Mfanyabiashara yeyote wa Marikiti aweza kukuambia hayo bila ya kusoma chuo kikuu. Akipata shilingi elfu asizozitarajia, hufurahi mpaka adhuhuri. Akipoteza elfu moja, huzitaja mpaka Ijumaa ya pili. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hilo kitaalamu mwaka 1979, na uchunguzi uliofuata umekadiria kuwa uzito wa kupoteza ni kama mara mbili ya uzito wa kupata. Basi shabiki ambaye timu yake hushinda leo ikashindwa kesho, ukimpimia katika mizani ya moyo, siku zote yumo katika deni. Na mashabiki wa Arsenal deni lao nalijua, kwa maana katika ligi ya Uingereza timu hiyo ilimaliza ya pili miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025.

Tatu, mwili wenyewe hushiriki. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994, Brazil ilipoishinda Italia kwa mikwaju ya penalti, wataalamu waliyapima mate ya mashabiki wanaume waliokuwa wakitazama mchezo kwa televisheni. Waliona kuwa homoni ya kiume ilipanda kwa mashabiki wa Brazil na kushuka kwa wale wa Italia, na hali wote walikuwa wamekaa kitako. Mwaka 2006, Kombe la Dunia lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, wagonjwa hao waliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Basi anayesema kuwa ule ni uchungu wa kujitia, na awaulize madaktari hao.

Na juu ya yote hayo, shabiki hana la kufanya. Mchezaji akishindwa ana miguu yake. Kesho atakwenda mazoezini ajirekebishe. Shabiki amefungwa mikono, na huzuni isiyo na kazi ya kufanya ndiyo nzito kuliko zote.

Sisi watu wa Pwani tusijifanye hatuyajui hayo. Kabla ya kuja sahani za televisheni juu ya mapaa yetu, Lamu ilikuwa na mashindano yake ya mashua na mbio za punda wakati wa Maulidi, na hata leo yako. Mashua ikiachwa nyuma, anayeumia si nahodha peke yake. Mtu wa Mkomani ataipata habari yake kwa mtu wa Langoni, na wa Langoni kwa wa Mkomani, tena kwa maneno yaliyotiwa pilipili. Hata katika malumbano ya mashairi, malenga wetu akikosa jibu, sisi tuliokuwa tukisikiliza ndio tuliorudi nyumbani vichwa chini. Hii "sisi" tumezaliwa nayo.

Lakini kila chema kina mpaka wake, na huzuni ya shabiki ikiuvuka mpaka huwa dhuluma. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Brazil ilihitaji sare tu iwe bingwa wa dunia. Watu wapatao laki mbili walijaa humo. Brazil ilitangulia kufunga, Uruguay ikasawazisha, na ilipofika dakika ya 79 Alcides Ghiggia akalipata bao la pili. Uruguay ikashinda 2-1. Nchi nzima ilipigwa na butwaa, na jezi nyeupe walizovaa siku ile hatimaye zikaachwa zikaja hizi za manjano tuzijuazo.

Hayo ya jezi yangekuwa si kitu. Kubwa ni kwamba watu walitafuta wa kumtwika, wakamtwika mlinda lango, Moacir Barbosa. Mtu yule aliishi mpaka mwaka 2000, na aibu ile ilimwandama mpaka kaburini. Mwenyewe alilalamika kuwa kifungo kirefu kabisa katika sheria ya nchi yao ni miaka 30, naye alikuwa amekwisha kutumikia 50. Hebu fikirini, mtu mmoja kulipishwa machozi ya taifa zima kwa sababu ya mpira mmoja uliompita ubavuni!

Na uko mpaka mwingine ulio mbaya zaidi. Mwezi wa Mei 2009, Nairobi, magazeti yalitoa habari ya kijana mmoja shabiki wa Arsenal aliyejitoa uhai usiku ambao timu yake ilifungwa na Manchester United. Alikuwa mtoto wa watu, ana mama kama sisi sote tulivyo na mama. Sijui moyoni mwake mlikuwa na mzigo gani mwingine, na Mola ndiye ajuaye. Lakini tangu siku ile, nikimwona kijana ameinama kwa sababu ya mpira, siwezi kumpita kwa kicheko. Hukaa naye. Alfajiri ile nalimchukua mpwa wangu tukaenda kunywa kahawa, nikamhadithia yaliyonipata mimi nilipokuwa kijana mfano wake.

Ilikuwa Agosti 1987. Michezo ya Afrika Nzima ilichezwa Nairobi, na Harambee Stars ikafika fainali kupambana na Misri katika uwanja mpya wa Kasarani. Mtaani kwetu redio zote zilifunguliwa Sauti ya Kenya, hata ungeweza kutoka mwanzo wa kichochoro mpaka mwisho wake usikose neno moja la mtangazaji. Misri ikashinda 1-0. Nakumbuka redio zilivyozimwa moja baada ya moja, ukabaki mlio wa kunguru tu.

Siku ya pili tulikwenda darsani kwa maalim wetu nyuso zimetuvimba. Nalidhani atatugombeza kwa kulilia mchezo. Hakutugombeza. Alifunga kitabu, akatuhadithia habari ya ngamia wa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyeitwa Al-Adhbaa. Ngamia yule alikuwa hashindwi mbio. Ikawa siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, wakashindana, na Al-Adhbaa akaachwa nyuma. Masahaba walihuzunika sana, hata huzuni ile ikaonekana nyusoni mwao. Mtume alipoiona akawafahamisha kuwa ni haki kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila Yeye hukishusha. Hadithi hiyo imepokewa na Anas bin Malik, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari.

Kisha maalim akatuuliza, "Je, mmesikia Mtume amewacheka?" Tukasema la. "Mmesikia amewakemea kwa kumpenda ngamia yule?" Tukasema la. "Basi nanyi mpendeni wenu mumlilie, lakini jueni kuwa vya dunia hupanda na kushuka. Anayelisahau hilo ndiye aliyeshindwa." Akafungua kitabu tukaendelea na somo.

Mpwa wangu aliposikia hayo alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali lililonichoma. "Mjomba," akasema, "nyinyi mlililia timu ya nchi yenu. Mimi yangu iko wapi ya kuililia hapa?"

Nalitaka kumjibu upesi, nikashindwa. Kwa maana Mombasa ilikuwa na Feisal, timu iliyoutwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, wakati ligi yenyewe ina umri wa miaka mitatu tu. Tangu mwaka huo mpaka msimu uliokwisha 2025, hakuna timu nyingine ya Pwani iliyoutwaa ubingwa huo. Feisal imekwenda na walioipenda, na vijana wa leo ukiwatajia jina hilo hudhani wamtajia mtu.

Karibu nasi tumekuwa na Bandari. Ilimaliza ligi ya pili mwaka 2018, ikamaliza ya pili tena msimu wa 2018/19, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Mwaka 2019 ilitwaa ngao ya shirikisho ikaingia Kombe la Shirikisho la Afrika. Lakini michezo yake ya nyumbani katika kombe hilo iliichezea Nairobi, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja uliotimiza masharti ya shirikisho la Afrika. Timu ya Mombasa ikawa mgeni hata siku iliyoitwa mwenyeji! Ikavuka hatua mbili, kisha ikatolewa na Horoya ya Guinea. Je, ni vibanda vingapi vya mpira hapa mjini vilivyolala njaa usiku ule? Ni nani aliyepewa pole msikitini?

Hapo ndipo lilipo neno langu. Siwaambii vijana waache kuipenda Arsenal, Liverpool au Manchester. Mapenzi hayapigwi marufuku. Lakini timu huishi kwa watu wanaoumia ikishindwa. Wenye kuumia ndio wanaokwenda uwanjani juma lifuatalo, ndio wanaolipa kiingilio, ndio wanaowauliza viongozi kwa nini uwanja haujesha. London ina watu wake wa kuyafanya hayo. Ya kwetu isipoliliwa nasi, hakuna atakayeililia.

Mpwa wangu amekubali kwenda nami Mbaraki kutazama mpira wa nyumbani. Nimemwonya kuwa huenda tukafungwa. Akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri ile, akasema kuwa kufungwa amekwisha kuzoea. Basi nafunga kwa ubeti mmoja, nikimwachia yeye na wenziwe:

Simcheke aliaye, kwa kushindwa timu yake,
Kwa upole umwambiye, mpaka asiuvuke,
Na nyumbani arejeye, cha kwao akikumbuke,
Asiyeliliwa naye, hufa asikumbukike.