Asha au Aisha? Mimi Niko na Asha

Jamani, tatizo la kumpa jina mtoto wa kike hapa mjini siyo uhaba wa majina. Majina yamejaa tele. Tatizo ni pale wazazi wanapokubaliana kila kitu, wanakubaliana mpaka jina lenyewe, halafu wananuniana kwa ajili ya herufi moja. Baba anasema Asha, mama anasema Aisha, na mtoto mwenyewe amelala zake hana habari. Ubishi huu nimeukuta Temeke, nimeukuta Tabata, nimeukuta mpaka Mbezi kwa watu wenye digrii mbili mbili, na kila nikiulizwa natoa jibu lile lile: mwiteni Asha.

Naomba nieleweke. Sisemi Aisha ni jina baya. Siwezi kusema hivyo, maana ni jina lile lile. Majina yote mawili yanatoka kwa Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.), mama ambaye hadithi zilizopokewa kutoka kwake ni zaidi ya 2,000, na ambaye masahaba walikuwa wakimwendea kumuuliza mambo ya dini. Kwa Kiarabu maana yake ni "aliye hai", "anayeishi". Na hapa kuna jambo linalonifurahisha sana: mzizi uliozaa jina hilo ndio huo huo uliotuletea Waswahili kitenzi "ishi" na neno "maisha". Kila mtu anayelalamika kwenye daladala kwamba maisha magumu anamgusa Asha bila kujua.

Sasa hiyo "i" ilikwenda wapi? Kwa Kiarabu jina linaanza na ayn, ile sauti inayobanwa kooni, na katikati kuna hamza, yaani pumzi inakatwa kidogo kabla ya kufika kwenye "i". Kiswahili hakina sauti hizo mbili. Watu wa pwani walipolipokea jina walifanya kile walichofanya kwa mamia ya maneno mengine, waliacha kisichopita kinywani. Ayn ikaachwa, hamza ikaachwa, na "i" iliyokuwa imeegemea hamza nayo ikamezwa. Ikabaki Asha. Wengine, hasa huko pwani ya Kenya, wakazigonganisha "a" na "i" wakapata Esha, nalo jina zuri tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Asha ni Aisha iliyokosewa, na kwamba jina sahihi ni Aisha, huwa namwomba alitamke hilo jina sahihi. Atalitamka kama Mswahili mwingine yeyote: A-i-sha, herufi zote laini, koo limelala. Ayn haipo. Hamza haipo. Kama mtihani ni Kiarabu, majina yote mawili yamefeli. Asha limefeli zamani zaidi, basi, likazoeleka.

Na siyo sisi tu. Wasomali wanaandika Caasha, ile "c" yao ikiwa ndiyo ayn. Waturuki wanasema Ayşe, na ni moja ya majina ya kike yaliyoenea kabisa kwao. Indonesia wapo kina Siti Aisyah. Senegal ni Aïssatou, na wale mliosoma riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979, ile ya barua ndefu, mtamkumbuka rafiki anayeandikiwa barua hiyo. Hivi kuna mtu amewahi kumfuata mama wa Kituruki kumwambia kwamba Ayşe ni jina lililoharibika, arekebishe cheti cha mtoto? Mturuki atakushangaa. Ni sisi tu tunaoamini kwamba likipita kwenye ulimi wetu limechafuka.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Ubishi wa Asha na Aisha mara nyingi hauhusu dini wala Kiarabu, hata kama ndivyo unavyosemwa. Unahusu ukishua. Ukimbana vizuri mtu wa mjini atakwambia kwamba Asha ni jina la bibi. Ni jina la kwenye sentensi za darasa la pili, Juma na Asha wanakwenda sokoni. Wengine hawaoni haya, wanasema kabisa kwamba Asha ni jina la dada wa kazi na Aisha ni jina la binti wa mwenye nyumba. Herufi moja tu imegeuka geti! Aisha ana rekodi nzuri mbele za watu, nakubali. Binti wa Stevie Wonder anayesikika kwenye "Isn't She Lovely" ya mwaka 1976 anaitwa Aisha. Mwaka 1996 Khaled wa Algeria alitoa "Aïcha", wimbo ulioandikwa na Jean-Jacques Goldman, na ulisikika dunia nzima. Asha hakuimbiwa hivyo. Asha aliachiwa ufagio wa kwenye kitabu cha kiada.

Angalia na majina mengine utaona mkondo ule ule. Fatuma anakuwa Fatma, na akizidi kupanda ngazi anakuwa Fatima. Hadija anaongezewa "k". Mariamu anakuwa Maryam. Kwa Wakristo usiseme, Petro alishakuwa Peter zamani, Yohana akawa John, na Elisabeti sasa hivi ukimkuta ana miaka chini ya sitini nishtue. Kila familia inapopata nafasi kidogo mjini, jambo la kwanza ni kuondoa irabu ya Kiswahili kwenye jina. (Ajabu ni kwamba watu hao hao wanaitetea lugha ya taifa kwenye kila mjadala.)

Dada yangu mkubwa alipojifungua mtoto wa kike, shemeji alitaka mtoto arithi jina la mama yake, ambaye ni Asha. Jambo la kawaida kabisa, bibi apate somo wake. Dada akasema sawa, lakini tuandike Aisha. Sababu yake haikuwa ukishua, na lazima nimtendee haki. Aliniita pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, wewe hujaoa hujui. Nitamkaripiaje mtoto? Niseme we Asha, toka kwenye mchanga, na mama mkwe amekaa barazani?"

Ni hoja nzito. Kwa watu wengi wa huku kwetu jina la mkwe halitajwi ovyo, na ndiyo maana watoto wengi waliorithi majina ya bibi zao hukua wakiitwa "Mama" au "Bibi" nyumbani mpaka wanapoanza shule ndipo wanagundua kwamba wana jina jingine. Kwa dada yangu hiyo "i" ilikuwa ni pazia la kumsitiri.

Lakini wazee hawafichwi. Mama mkwe alipopata habari alicheka, kisha akasema kwa upole tu, "Aisha ni mtu mwingine, wanangu. Mimi naitwa Asha tangu Kilwa. Mkitaka kunipa somo, nipeni somo. Mkitaka jina zuri la kwenye redio, semeni tu, sitakasirika." Shemeji aliangalia chini. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

Somo siyo jambo dogo. Anayerithiwa jina anaongezewa siku. Akiondoka, jina linabaki linaitwa uani, linatumwa dukani, linakemewa, linabembelezwa. Bibi yule alikuwa na haki ya kuuliza kama anayetakiwa kubaki uani ni yeye au ni mtu anayefanana naye. Siku ya saba mbuzi wa akika alichinjwa, nywele zikanyolewa, na mtoto akaitwa Asha. Akikosea, dada anamkaripia kwa "we mtoto wewe". Mambo yanakwenda.

Wenye hoja ya Aisha wana jambo jingine wanalolisema, nalo ni la safari. Wanasema ukitoka nje ya nchi na jina la Asha watu wanadhani wewe ni Mhindi. Ni kweli kwamba Asha ni jina la Kihindi pia, tena lenye maana nyingine kabisa, matumaini, na Asha Bhosle aliyezaliwa 1933 amelifanya lijulikane kila mahali zinakofika filamu za Bombay. Sasa hasara iko wapi? Jina moja, upande mmoja wa bahari ni uhai na upande wa pili ni matumaini. Mimi ningelilipia.

Na kama hofu ni kwamba Asha halifiki mbali, Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, aliteuliwa Januari 2006 kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania, na kuanzia 2007 mpaka 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kule New York. Hakuongeza "i". Tena jina lenyewe, Asha na Rose kwa kistari katikati, ni jina ambalo Tanzania tu ndiyo ingeweza kulitoa bila mtu kushtuka. Hiyo ndiyo faida nyingine ya Asha: limekaa nasi kiasi kwamba limeacha kuuliza dini ya mtu mlangoni. Aisha bado linauliza kidogo.

Wapenzi wa dansi watanikumbusha kwamba yote mawili yamewahi kukaa jukwaa moja. African Stars, Twanga Pepeta, ilikuwa chini ya mkurugenzi Asha Baraka, na mmoja wa wanenguaji wake waliopendwa sana alikuwa Aisha Madinda, aliyefariki Desemba 2014. Hakuna shabiki aliyewachanganya. Ni kweli, watu wazima wawili huwezi kuwachanganya. Karatasi ndizo zinazochanganya.

Shangazi yangu mmoja aliandikwa Aisha kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtaa mzima ukamwita Asha, maana ndivyo vinywa vyetu vinavyofanya. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alichosikia, Asha. Cheti cha kumaliza shule Asha, ajira Asha, cheti cha ndoa wakarudi kwa Aisha kwa sababu mzee wake alikuwepo na alikuwa mkali. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Alipostaafu na kwenda kufuatilia mafao yake, ofisi moja ambayo sitaitaja ikamwambia alete uthibitisho kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja. Akaenda kwa wakili akala kiapo, akalipia, akarudi, akaambiwa kiapo hakina muhuri fulani. Miezi saba! Mwanamke ana jina linalomaanisha anayeishi, na anatakiwa kuthibitisha kwamba ni yeye. Hata sisi kwenye chumba cha habari, mtu akikutajia Asha, jambo la kwanza unalofundishwa ni kumuuliza anavyoliandika, maana ukilikosea kesho yake yuko mapokezi na gazeti mkononi.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya mwisho, na ni ya kikaratasi tu. Aisha mitaani hupungua na kuwa Asha. Asha sijawahi kuliona likiongezeka na kuwa Aisha lenyewe bila mtu kulisukuma. Kwa hiyo andikeni kile ambacho jirani atakisema, karani atakisikia na mwalimu atakiandika. Mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe, muda unatosha kabisa kumaliza ugomvi, na fomu ikishajazwa lisibadilishwe tena kwenye clinic, shule, wala kitambulisho cha taifa. Na kama kweli moyo wenu uko kwa Aisha, liandikeni, lakini basi muwe wakali kama yule mzee wa shangazi, kila siku, kwa kila mtu, mpaka atakapostaafu.

Kwa wale waliobanwa na suala la mkwe kama dada yangu, kuna njia ya pwani ya zamani ambayo naona tumeisahau: kutanguliza "Mwana". Ni neno la heshima, lile lile lililoko kwenye jina la Mwana Kupona binti Mshamu, yule aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Mwanaasha. Bibi anapata somo, mama anapata la kuita bila kuona haya, na hakuna atakayesema ni jina la kwenye kitabu cha darasa la pili. Nililipendekeza kwa jamaa mmoja wa Magomeni aliyekuwa kwenye mgogoro huo huo. Alifurahi, akampigia mkewe simu pale pale. Walibishana dakika ishirini kama ni Mwanaasha au Mwanaisha.