Sadaka ya Fuliza

Leo sikuletei neno la upenyo. Nataka tuzungumze kuhusu simu yako.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinifuata kando ya madhabahu nimuombee. (Amenipa ruhusa niandike haya bila kumtaja.) Hakutaka kusema shida ni nini. Alinipa simu nisome. Ujumbe mmoja ulikuwa wa sadaka aliyotuma asubuhi hiyo kwa nambari ya kanisa, shilingi 500. Uliofuata ulisema 500 hiyo yote imetoka Fuliza, na kwamba sasa anadaiwa 2,340. Akaniambia, "Pasta, omba Mungu anifungulie mlango. Hili deni limenikalia mwaka mzima."

Nilimwekea mkono, nikaomba. Lakini nilipofika nyumbani chakula kilinishinda, kwa sababu asubuhi ile ile ni mimi niliyesimama mimbarini nikasema, "Usiseme huna kitu, simu iko mkononi mwako." Watu walicheka, wakapiga makofi. Mama huyu alinitii.

Walio nje ya Kenya wanivumilie nieleze kidogo. Fuliza ilianza Januari 2019. Salio lako la M-Pesa lisipotosha, unaruhusiwa kulipa hata hivyo, na pengo hilo linajazwa na benki mbili, NCBA na KCB. Ni kile ambacho watu wa benki wamekuwa wakikiita ovadrafti, ila sasa kimeshuka hadi kwa mama mboga. Unalipa asilimia 1 kila unapochukua, kisha kuna ada ya kila siku hadi umalize. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini, hata 200 za daftari la mtoto, deni linakula kwanza. Na jina lenyewe halikuficha kitu. Katika Kiswahili, kufuliza ni kufanya jambo bila kukoma.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu hatujioni. Mama yule anaamini kuna deni moja lililomkalia mwaka mzima. Si kweli. Amelilipa deni hilo labda mara arobaini. Kila wiki mauzo ya mboga yanaingia, deni linalipwa lote, salio linabaki sufuri, na jioni hiyo hiyo anafuliza tena kwa sababu watoto lazima wale. Yeye ni mlipaji mzuri sana. Shida yake ni kwamba kila akilipa anarudi pale pale, na kila akirudi anaacha kitu kidogo mlangoni.

Nalijua hilo kwa sababu nimeishi humo. Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, mapato yangu yalisimama. Yalipofunguliwa tena Julai, tuliruhusiwa watu mia moja tu, na wengi wao walikuwa wamepoteza kazi. Nilianza na 300 za gesi. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa nadaiwa 5,700 wakati wote, mwezi baada ya mwezi. Simlaumu mtu. Hakuna aliyenishika kidole nikabonyeza. Nilibonyeza mwenyewe, na tena nikaongeza dhambi nyingine juu yake. Mtu akitaka kunitumia pesa nilikuwa namwambia, "Tuma kwa laini ya mama watoto, yangu ina shida." Laini haikuwa na shida yoyote. Nilikuwa nakwepa deni, huku nafundisha Zaburi 37 kwenye mafunzo ya Biblia, ile sura inayosema wazi mtu anayekopa asilipe anaitwaje. Kasome mstari wa 21 ukiwa peke yako.

Aliyenitoa humo ni mke wangu, na hakutumia maombi ya kufunga. Alitoa taarifa yangu yote ya M-Pesa ya mwezi mmoja, akachukua kalamu nyekundu, akaketi mezani. Wakati huo deni lolote lililozidi 2,500 lilikuwa na ada ya shilingi 30 kwa siku. Mwezi ule nilikuwa ndani ya deni siku 22, hiyo ni 660. Nilikuwa nimefuliza jumla ya 14,000 kwa vipande, asilimia 1 yake ni 140. Akajumlisha, 800. Akaniangalia, akasema, "Hizi ni pakiti sita za unga, Pasta." Huwa haniiti Pasta nyumbani isipokuwa mambo yakiwa mabaya.

Tulikubaliana hivi. Kuacha mara moja hatukuweza, maana tungelala njaa wiki hiyo hiyo. Basi kila deni likilipwa tungefuliza tena, lakini pungufu ya mara iliyopita kwa 500. Kutoka 5,700 twende 5,200, halafu 4,700, hivyo hivyo. Hizo 500 za kila wiki zilibidi zitoke mahali. Nyama ya Jumapili iliondoka. Pikipiki niliiegesha nikawa natembelea washirika kwa miguu, na nikagundua wengine wanaishi karibu sana kuliko nilivyokuwa nikidai. Michango ya harusi nilianza kujibu kwa kusema ukweli: sina. Hilo liliniuma kuliko nyama.

Halafu kulikuwa na cherehani. Ilikuwa pembeni ya sebule, imefunikwa kitambaa cha maua, juu yake picha ya harusi yetu. Miaka minne haikuwa imeguswa. Shule zilipokaribia kufunguliwa, mke wangu aliondoa ile picha, akapaka mafuta, akaanza kushona yunifomu zilizopasuka za watoto wa jirani, hamsini hapa, sabini pale. Wiki nyingine alileta 350, wiki nyingine 600.

Nikuonye jambo ambalo hakuna aliyetuonya sisi. Wiki sita za kwanza hutaona tofauti. Ada ya siku ya Fuliza huenda kwa viwango. Anayedaiwa 5,700 na anayedaiwa 2,700 wanalipa ada ile ile ya siku. Kwa hiyo tulikuwa tunajinyima na ada bado ni 30. Wiki ya sita nilimwambia mke wangu tuache. Wiki ya saba deni lilishuka hadi 2,200 na ada ikashuka kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Wiki iliyofuata mtoto akaugua kifua, tukapanda tena karibu na 4,000. Mke wangu alilia usiku huo. Tulianza tena. Ilituchukua wiki kumi na tano zote kwa jumla, na siku salio lilipobaki juu ya sufuri kwa siku saba mfululizo nilijiondoa kwenye huduma kabisa.

Tangu mwisho wa 2022 ada zimeshushwa, na deni lisilozidi 1,000 halitozwi ada ya siku kwa siku tatu za kwanza. Kwa hiyo leo kazi ni rahisi kidogo kuliko ilivyokuwa kwangu, ukijua unalenga wapi. Lenga kushuka chini ya 2,500, kisha chini ya 1,000. Soma viwango kwenye simu yako mwenyewe, usitegemee kuambiwa na mtu wa duka.

Kuna anayeniuliza: nichukue Hustler Fund nilipie Fuliza? Ile ilianza Novemba 2022, na riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hiyo kwa hesabu tupu ni nafuu. Lakini nimeona watu wakifanya hivyo, na mwezi unaofuata wana Hustler Fund na Fuliza na Okoa Jahazi juu. Kama hujabadilisha unachofanya jioni ya siku ya kulipa, usiongeze mlango wa pili.

Sasa nirudi kwa sadaka, maana ndiyo iliyoniketisha hapa.

Najua nitaambiwa nafundisha kutoamini. Mtumishi mmoja ninayemheshimu ameshaniambia kwa simu kwamba nikisema hivi madhabahu zitakauka. Nimesoma Malaki sura ya 3 kama yeye, na ninatoa fungu la kumi. Lakini fungu la kumi ni la kile ulichopata. Fuliza si mapato, mpendwa. Hakuna kumi ndani yake, kuna deni tu. Paulo anapowaandikia Wakorintho kuhusu mchango, 2 Wakorintho 8:12, anaweka jambo hili wazi kabisa kwamba kutoa kunapimwa kwa kile mtu alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Utaniambia, na yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti mbili? Ndiyo, alitoa zote. Lakini zilikuwa zake. Hakuna aliyemsubiri hapo nje ya hekalu azidai jioni.

Kuna mjane mwingine tunayemhubiri sana, yule wa 2 Wafalme 4, wa mafuta. Tunapenda kufika haraka pale mafuta yanapobubujika. Tunapita haraka mstari wa kwanza. Mume wake alikuwa mtu wa shule ya manabii, yaani mtu kama sisi tuliopita chuo cha Biblia. Alimcha Bwana, na akafa na deni, na mdai akaja kuwachukua watoto wawili. Elisha alimwuliza nini? Hakumwambia apande mbegu. Alimwuliza ana nini nyumbani. Akamtuma kwa majirani aazime vyombo, vitupu. Mafuta yalipokoma, agizo likawa na mpangilio: auze, alipe deni, halafu yeye na watoto waishi kwa yanayobaki. Muujiza wa Mungu ulipita kwanza kwa mdai. Na nimesoma sura hiyo mara nyingi nikitafuta mahali Elisha alipochukua hata kikombe kimoja cha mafuta hayo. Sijapaona.

Kwa hiyo nasema nikiwa na akili timamu, na wazee wa kanisa tumekaa Jumanne tukakubaliana: katika kanisa letu usitoe sadaka kwa Fuliza. Usitoe mbegu kwa Fuliza, wala malimbuko, wala mchango wa spika mpya. Spika zitasubiri. Kapu likifika kwako na huna, lipitishe kwa mwenzako, uimbe. Hakuna atakayekuangalia, na akikuangalia niambie mimi. Na yale maneno ya "simu iko mkononi mwako" nimeyafuta. Nitayafuta tena mimbarini Jumapili hii, kwa sauti ile ile niliyoyasema.

Mama yule nilimpigia simu Jumatatu. Nilimwambia kanisa linamrudishia 500 zake. Alikataa. Alisema alishampa Mungu, na hawezi kumnyang'anya. Tulibishana karibu dakika kumi, nikashindwa, sina aibu kusema. Mwishowe mke wangu akachukua simu. Sijui walisema nini, lakini Jumatano mama alikuja nyumbani na simu na kalamu, wakaketi kwenye ile meza. Amekubali kushuka kwa 150 kila wiki. Biashara yake haiwezi zaidi ya hapo. Kutoka 2,340 ni safari ya wiki kumi na sita, na mvua ikinyesha sana sokoni itakuwa zaidi. Alipoambiwa hesabu hiyo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kanisa lina mtu anayenunua sukuma kwa jumla siku za mikutano. Huwa tunanunua kwa mtu wa mbali. Kumbe yeye yuko pale pale, na sisi hatukuwahi kumwuliza ana nini nyumbani.

Tuombe. Baba, samehe kinywa changu. Wakumbuke wanaosoma haya usiku wakiogopa kuangalia salio. Wape nguvu za kuangalia. Wape wiki sita za uvumilivu zisizo na matunda. Walinde na mtoto kuugua katikati, na akiugua, wasikate tamaa. Katika jina la Yesu, amina.

Jumamosi hii, saa nane mchana, tutakuwa kanisani mimi na mke wangu na kalamu nyekundu. Njoo na simu yenye chaji na taarifa yako ya mwezi mmoja. Hakuna atakayesoma ya mwenzake. Hatutachanga chochote. Chai ipo, na mandazi yameshalipiwa kwa pesa taslimu.