Zamu ya Makaburini Isikutoe Roho

Juma hili nina barua kutoka Ogembo, kule Kisii. Mama mmoja ana mwanawe aliyekwenda Minnesota, Marekani, jimbo ambalo Wakisii wengi wamelowea. Kijana aliarifu kwamba amepata kazi katika makao ya wazee na amepangiwa "graveyard shift". Mdogo wake aliye sekondari akaombwa atafsiri, naye akatafsiri neno kwa neno: kaka anafanya zamu ya makaburini. Tangu siku hiyo mama hapati usingizi, na wazee wa ukoo wanataka kijana arudishwe nyumbani.

Mama, usihangaike. Hiyo ni zamu ya usiku wa manane hadi alfajiri, basi. Saa hizo huwa kimya mno, ndiyo maana ikafananishwa na makaburini. Msemo huu umekuwapo tangu karne ya 19. Hadithi kwamba kulikuwa na walinzi waliokesha wakisubiri kengele ya mtu aliyezikwa akiwa hai ni porojo tupu, hata ukiisikia kwa mtu mwenye digrii.

Hata hivyo naielewa hofu yako. Katika Kisii maiti huzikwa nyumbani, kaburi likawa pale pale kwenye boma, jirani na migomba. Kusikia mwanao anakesha kwenye makaburi ya watu asiowajua si jambo dogo.

Taabu, msomaji, ni kutafsiri msemo neno kwa neno. Jaribu kumwambia Mwingereza kwamba babu yako amekula chumvi nyingi. Atakuuliza kama amepimwa shinikizo la damu!

Kijana huyo atakutana na mengine huko kazini. Mzee akimwambia yuko "under the weather", asikimbilie kufunga dirisha. Mzee anasema hajisikii vyema, na huenda ni muuguzi anayehitajika.

Kisha kuna "sorry", neno dogo linaloweza kuleta balaa. Sisi mtu akijikwaa tunamwambia "sorry", tukimaanisha pole. Mmarekani aghalabu hujibu kwamba si kosa lako, maana amesikia unaomba msamaha. Sasa fikiria mgonjwa ameteleza bafuni, na mtu wa kwanza kufika anasema "sorry, sorry" mbele ya msimamizi. Si ataonekana kama aliyemsukuma? Heri aanze kwa kuuliza ameumia wapi.

Unaonihofisha zaidi ni "kick the bucket". Wanafunzi wetu huukariri kwenye orodha za misemo, mbele yake pameandikwa "kufa", nao wanaumwaga katika insha na hata katika wasifu wa marehemu unaosomwa matangani. Naam, maana yake ni kufa. Lakini ni maneno ya mzaha. Francis Grose aliuweka katika kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1785, na tangu hapo haujapata adabu. Kumwandikia mfiwa hivyo ni sawa na kumwambia kwamba baba yake amekata kamba. Orodha hizo hazisemi haya, na ningekuwa mwalimu ningezichana. Kwa mfiwa andika "passed away", yaani ameaga dunia.

Mwanafunzi mwingine wa huko huko Ogembo anauliza kuhusu kupeleka makaa ya mawe Newcastle. Newcastle ni mji wa Uingereza uliosafirisha makaa hayo kwa karne nyingi, mengi yakienda London. Aliyeyapeleka huko alijichosha bure, kwani wenyewe walikuwa nayo tele. Wewe wa Ogembo huna haja ya kwenda mbali. Sema kupeleka ndizi Kisii, au mawe ya kuchonga Tabaka, na kila mtu sokoni atakuelewa.

Juma lijalo nitamjibu msomaji wa Nyamira anayetaka kujua kwa nini tembo mweupe ni hasara.