Jini hakumwamuru Adili alie

Kuna mwandishi ametuambia gazetini kwamba hadithi za majini na miujiza haziwafai watu wazima: jini akishaingia, uamuzi wa binadamu umekwisha, na huzuni inakuwa ya bei ya chee. Sijui alisoma zipi. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, hakuifungua.

Humo Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao Adili baharini kwa kijicho. (Ndiyo, majina yenyewe yanapiga kelele, hapo namkubalia.) Jini Huria anawageuza manyani, kisha anamwamuru awachape kila usiku. Amri ikishatoka, kazi ya kila usiku si ya jini. Amebaki mtu na mjeledi wake. Adili anachapa huku analia, na akimaliza anawaandalia chakula kizuri. Aliyoamriwa ni kuchapa. Chakula na machozi ni vyake mwenyewe.

Katika riwaya za mjini mtu kama huyu angekata undugu, akahama. Adili anawatazama wabaya wake usoni kila siku, nao ni damu yake. Bwana mwandishi atutajie riwaya moja ya "maisha halisi" iliyoweka pendo na adhabu katika mkono mmoja namna ile.