Shahada ya Uuguzi na Kitanda cha Mgonjwa

Wapo watu katika Songea, kama walivyopo mahali pengine, wasemao kuwa muuguzi hahitaji shahada. Kwao kazi hii yataka huruma na mikono myepesi tu. Elimu ikizidi, muuguzi hukikimbia kitanda cha mgonjwa. Neno hili lina sura ya hekima, lakini ni kosa.

Methali yasema mgonjwa haulizwi uji. Basi ni nani apaswaye kuijua haja ya mgonjwa asiyesema? Mama aliyejifungua usiku aweza kuvuja damu ndani kwa ndani, na mapigo ya moyo wake yakapanda kabla shinikizo la damu halijashuka. Daktari yu mbali. Muuguzi yu karibu. Huruma peke yake haiwezi kuisoma dalili hiyo. Elimu ndiyo jicho la huruma.

Wengine huikubali shahada, walakini hudhani kijana yeyote aweza kuipata kwa kusoma kutoka mbali. Njia hiyo yaweza kumfaa muuguzi mzoefu aliye kazini. Haimfai kijana atokaye sekondari. Florence Nightingale alipofungua shule yake mwaka 1860, aliiweka katika hospitali ya St Thomas, London. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilipoanzisha shule ya uuguzi mwaka 1909, hakikuitenga na wodi. Sindano haifundishwi kwa barua. Mwalimu sharti auone mkono wa mwanafunzi, alisahihishe kosa kabla halijamfikia mgonjwa.

Hapa ndipo penye dhuluma. Kijana wa Tunduru au Mbinga aitafutaye shahada hii Muhimbili husafiri mamia ya kilomita, akakaa miaka minne katika mji wa gharama. Maskini mwenye akili hubaki nyumbani. Na Songea ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Peramiho, ilipoanzishwa misheni mwaka 1898, ina hospitali kubwa na hufundisha wauguzi. Wagonjwa wapo, na mazoea ya kufundisha yapo.

Waogopao kuwa shahada itamwondoa muuguzi kitandani wasiipinge shahada. Kimwondoacho ni umbali wa chuo na watu wake. Na wadai shahada hiyo ifundishwe kando ya kitanda kilekile, katika Songea yenyewe.