Mnada Usio na Sauti

Kitenzi "kunadi" kilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuita kwa sauti. Mnadi husimama mbele ya watu akaitangaza bidhaa, nao wakaitazama na kuipapasa. Siku hizi wiski adimu za Uskoti hunadiwa kwenye intaneti pasipo sauti wala kupapasa. Mtu huona picha ya chupa, husoma maelezo mafupi, kisha hutaja bei yake. Anachonunua hasa ni maandishi, kwani chupa ikishafunguliwa thamani yake ya mnadani hutoweka.

Maandishi hayo yana sarufi yake. "Miaka 12" kwenye lebo ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo, wala si wastani. Isitoshe, miaka hiyo huhesabiwa ndani ya pipa la mwaloni tu. Kanuni za mwaka 2009 zadai isipungue mitatu. Wiski haikomai chupani. Ile ya miaka 12 iliyotiwa chupani mwaka 1970 ingali ya miaka 12, hata muuzaji akiisifu kwa uzee. (Kinachozeeka ni karatasi na kizibo.)

Bei ndiyo huwavuta walaghai. Mnamo Novemba 2023, Sotheby's ya London iliuza chupa moja ya Macallan ya 1926, iliyokaa pipani miaka 60, kwa zaidi ya pauni milioni 2.1. Lakini mwaka 2017 mgeni mmoja katika hoteli ya Uswisi alilipa faranga 9,999 kwa bilauri moja tu ya wiski iliyodaiwa kuwa ya 1878. Kaboni yake ilipopimwa, ilibainika kwamba yamkini ilikenekwa kati ya 1970 na 1972. Mwaka uliofuata chupa 55 zilizodaiwa kuwa adimu zilipimwa katika maabara ya Uskoti. Kati yake, 21 zilikuwa bandia au hazikukenekwa mwaka uliodaiwa.

Wapo wasemao kwamba tajiri aliyepunjwa kwa ajili ya ulevi hastahili huruma yetu. Sikubaliani nao, maana hila yenyewe imo katika lugha, na lugha ni yetu sote. Kiingereza cha minada hupenda kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Tukiitafsiri twapata "inaaminika kuwa ya 1890". Nani anaamini? Katika Kiswahili jambo hilo ni baya zaidi, kwa sababu kauli ya kutendeka haina hata nafasi ya kumweka mtenda. Mwalimu anayetafuta zoezi la kidato cha nne na alete darasani tangazo la shamba linalouzwa, awaulize wanafunzi ni nani hasa anayethibitisha kwamba hati ipo.

Nyumba za minada hutoza ada juu ya bei ya mwisho. Kwa ada hiyo, naziandike chini ya kila chupa jina la aliyeichunguza, tarehe, na njia aliyotumia.